Kujifunza kwa Vipindi kwa Madaktari Walio Mafunzoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wakufunzi, madaktari wanagenzi (waliomaliza shule na sasa wanafanya mazoezi ya kazi hospitalini) na wanafunzi wa udaktari jijini Nairobi huyarudia kila mbinu hii inapotajwa. Si lazima usome kuanzia juu. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa.

## Misingi

Kujifunza kwa vipindi ni nini hasa?

Ni kulirudia somo lilelile mara kadhaa huku ukiacha siku au wiki katikati, badala ya kulimaliza kwa mkupuo. Tuseme mlitenga saa mbili Jumatatu mchana kwa ajili ya maambukizi ya watoto wachanga. Saa hizo zikatwe: saa moja leo, robo saa keshokutwa, robo saa wiki ijayo, na nusu saa iliyobaki igawanywe miezi miwili inayofuata. Muda wa jumla ni uleule.

Kuna nusu ya pili ambayo wengi huisahau. Kila unaporudi, unarudi na swali. Mwanafunzi anafunga daftari, analitafuta jibu kichwani, analisema au kuliandika, ndipo anasahihishwa. Kuwaonyesha watu slaidi zilezile mara nne kwa mwezi kuna faida ndogo sana, hata ukiachanisha siku vizuri namna gani.

Je, kuna ushahidi, au ni fasheni ya mitandaoni?

Ushahidi upo, tena ni wa zamani kuliko Hospitali ya Kenyatta yenyewe, iliyoanza mwaka 1901. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 yaliyotawanywa kwa siku tatu yalimpa matokeo sawa na marudio 68 ya mkupuo mmoja. Ni karibu nusu ya kazi.

Tangu hapo jambo hili limepimwa mara nyingi mno. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu kumi za kusoma ambazo wanafunzi huzitumia. Mbili tu zilipewa alama ya juu: kujipima kwa maswali, na kutawanya masomo. Kusoma tena na kupaka rangi mistari kwa kalamu ziliwekwa chini kabisa. Upande wa udaktari, B. Price Kerfoot wa Harvard, mpasuaji wa njia ya mkojo, aliwatumia wanafunzi wa udaktari maswali kwa barua pepe kwa vipindi na kuwalinganisha na wenzao, makundi yakiwa yamegawanywa kwa bahati nasibu. Waliotumiwa maswali walihifadhi zaidi. Kuhusu kazi za mikono, tazama sehemu ya ujuzi wa mikono.

Mbona mimi nilikesha kabla ya mtihani na nikafaulu?

Kwa sababu mtihani ulikuwa asubuhi yake. Kukesha hufanya kazi kwa muda mfupi, ndiyo maana kunadanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala wasome. Kundi moja liliisoma tena, lingine lilijipima. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Walipoulizwa baada ya wiki, mambo yakageuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Mama mwenye kifafa cha mimba haji siku ya mtihani. Anaweza kuletwa hospitali ya uzazi ya Pumwani saa tisa usiku, miezi minane baada ya mhadhara, na anayempokea ni daktari mwanagenzi. Mafunzo yetu yanapaswa kulenga saa hiyo, na ndiyo sababu jambo hili si la wanasaikolojia peke yao.

Ni sawa na ile mbinu ya mapumziko ya dakika kumi?

Hapana, ingawa majina yanafanana. Ile ilijaribiwa katika shule ya sekondari ya Monkseaton, kaskazini mwa Uingereza: somo fupi hutolewa mara tatu kwa mfululizo, na kila baada ya mara moja wanafunzi hupumzika dakika kumi wakifanya jambo lisilohusiana kabisa, kama kuchezea mpira. Unaweza kuitumia ndani ya darasa la mchana mmoja. Haiondoi haja ya kurudi baada ya siku na wiki.

## Ratiba

Niache siku ngapi kati ya rudio na rudio?

Inategemea unataka kukumbuka hadi lini. Nicholas Cepeda na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 wenye washiriki zaidi ya 1,350, waliona kwamba aliyepimwa baada ya wiki moja alifaidika zaidi na pengo la siku moja, ilhali aliyepimwa baada ya karibu mwaka mzima alifaidika zaidi na pengo la takriban wiki tatu. Kadiri unavyotaka kitu kikae kichwani muda mrefu, ndivyo unavyoongeza pengo.

Kwa daktari mwanagenzi anayekaa idara moja miezi mitatu hivi, mimi napendekeza siku ya 2, ya 7, ya 21 na ya 60. Zikisogea siku mbili tatu kwa sababu ya zamu, hakuna kilichoharibika.

Rota (ratiba ya zamu) imejaa. Muda tutautoa wapi?

Msiongeze kipindi kipya. Kateni kile mlicho nacho. Karibu kila idara ina darasa la juma, raundi ya wadi na ripoti ya asubuhi. Darasa la saa moja likipunguzwa hadi dakika arobaini na tano, dakika kumi na tano zilizobaki ziende kwa maswali ya wiki zilizopita. Ripoti ya asubuhi inaweza kuanza na swali moja, dakika mbili, kabla ya wagonjwa waliolazwa usiku kutajwa.

Mwanafunzi binafsi ana nyakati nyingine: kwenye matatu kutoka Rongai au Thika Road, kwenye foleni ya maabara, akisubiri chumba cha upasuaji kiandaliwe. Lakini nasisitiza, usiweke mzigo wote kwenye muda wake wa kupumzika. Aliyetoka zamu ya saa ishirini na nne anahitaji usingizi, na usingizi wenyewe ndio unaoimarisha kumbukumbu. Asiulizwe maswali.

Tuanze na mada zipi?

Hili ndilo swali ninaloliona muhimu kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya mara nyingi. Watu huanza na yale wanayoyaona kila siku kwa sababu ndiyo yaliyo mawazoni. Lakini wadi yenyewe inayarudia hayo. Daktari aliye wadi ya watoto ya hospitali ya Mbagathi ataandika dawa za nimonia mara nyingi mno kabla ya kuhamia idara nyingine. Kadi (swali upande mmoja, jibu upande wa pili) ya nimonia isiyo na utata inampotezea muda.

Anzeni na yale yanayokuja kwa nadra na yakija yanaua kwa dakika: kifafa cha mimba, damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mchanga asiyepumua, mzio mkali, sukari iliyoshuka kwa mtoto aliyezimia, potasiamu iliyopanda, sumu ya dawa za wadudu. Hizi hazina mazoea ya kukuokoa. Unaweza kumaliza miezi mitatu ya idara bila kukutana na mgonjwa wa aina hii, kisha ukakutana naye ukiwa peke yako.

Kigezo rahisi: jiulize kama ungepata nafasi ya kufungua mwongozo wa tiba kabla ya kutenda. Kama ungepata, usijaze kichwa. Jifunze mwongozo uko wapi na ufungue. Kama usingepata, hiyo ni mada ya vipindi.

## Kuandika maswali

Swali zuri linakuwaje?

Linaanza na mgonjwa, linaomba jambo moja, na jibu lake ni fupi. Tuchukue magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Swali baya ni "Eleza matumizi ya magnesiamu salfeti." Hakuna anayejua jibu linaishia wapi, kwa hiyo hakuna anayejua kama amekosea.

Swali zuri: "Mama wa wiki 36 amepata kifafa cha mimba. Umeshampa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti. Kabla ya dozi inayofuata unahakikisha mambo gani matatu?" Jibu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita.

Swali linalofuata limfikishe penye hatari: "Mama yuleyule sasa anapumua mara 8 kwa dakika. Fanya nini?" Simamisha magnesiamu, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa, mpe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Ongeza la tatu kama wadi yenu inalihitaji: "Kalsiamu glukoneti inakaa wapi hapa kwetu?" Mkufunzi asilidharau swali hilo la mwisho. Jibu lake ni la hospitali yenu tu, na kitabu hakiwezi kukuandikia.

Mangapi kwa siku?

Mapya matano hadi kumi yanatosha. Jipya la leo litarudi mara nne au tano huko mbele, kwa hiyo anayeanza na hamsini kwa siku hujikuta amezama ndani ya wiki mbili. Tazama swali la kadi mia nne hapo chini.

Niandike kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?

Dozi na hatua za dharura ziandike kwa lugha ya mwongozo mnaoutumia, ili usilazimike kuzigeuza kichwani wakati mgonjwa anazidiwa. Lakini kadi za mazungumzo na mgonjwa ziwe za Kiswahili. Unamuulizaje mama kama mtoto ananyonya vizuri, kama amepata degedege, kama kuharisha kuna damu? Unamwelezaje mzee kwamba mguu hauwezi kuokolewa? Tumewahi kuwaona vijana hodari wakikwama hapo katika hospitali za Mama Lucy au Kenyatta, na ni jambo linalofundishika kwa vipindi kama mengine.

Naweza kutumia kadi zilizotengenezwa Marekani?

Kwa anatomia na fiziolojia, ndiyo. Kwa tiba, uwe mwangalifu: dawa zilizopo, vipimo vinavyopatikana na magonjwa yanayoongoza si yaleyale. Kadi itakayokufunza kuagiza kipimo ambacho hospitali yako ya kaunti haina, itakuacha bila jibu la mgonjwa wako. Malaria kali, kwa mfano, huko ni ugonjwa wa msafiri.

## Vifaa

Nitumie programu gani?

Anki inatosha kabisa. Ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android. Kwenye iPhone inalipiwa mara moja. Ukishapakua kadi inafanya kazi bila data, jambo la maana ukiwa kwenye wadi ambayo mtandao wake haushiki. Yenyewe inapanga tarehe za kurudia kulingana na ulivyojibu.

Wasiopenda simu watumie sanduku. Mwandishi wa habari wa Kijerumani Sebastian Leitner aliieneza njia hii miaka ya 1970: kadi za karatasi na visehemu vitano. Ukijibu sawa, kadi inasonga kisehemu cha mbele, ambacho hupitiwa kwa nadra zaidi. Ukikosea, inarudi cha kwanza. Idara inaweza kuweka sanduku moja kwenye chumba cha madaktari likatumiwa na wote.

Kundi la WhatsApp halitoshi?

Linatosha kwa kuanzia, na wengi huanza hapo: mmoja anatuma swali asubuhi, majibu yanatumwa faragha, jibu sahihi linatoka jioni. Udhaifu wake ni mawili. Kwanza, watu watatu hujibu na wengine wanatazama. Anayetazama jibu la mwenzake hajajipima. Pili, kundi halikumbuki kurudisha swali la wiki tatu zilizopita, kwa hiyo lazima mtu awe na ratiba.

Na jambo lisilo na mjadala: picha za wagonjwa, majina na namba za faili zisiingie humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Tunga kisa cha kufikirika.

## Ujuzi wa mikono

Je, inafaa kwa kushona, kuweka mirija, kufufua mtoto?

Inafaa, na hapa ushahidi ni wazi. Mwaka 2006 Carol-Anne Moulton na wenzake wa Toronto walichapisha jaribio la wanafunzi wa upasuaji 38 waliofunzwa kuunganisha mishipa midogo ya damu. Wote walipata vipindi vinne. Nusu walivipata kwa siku moja, nusu kimoja kwa wiki. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, waliotawanyiwa walifanya vizuri zaidi. Vipindi vilevile vinne, tofauti ni kalenda tu.

Sasa fikiria kozi zetu za siku kadhaa mfululizo, zikiwemo zile nzuri kama ETAT+ ya dharura za watoto. Sisemi ziachwe; zinaokoa watoto. Nasema siku ya mwisho ya kozi isihesabiwe kuwa mwisho wa mafunzo. Mwanasesere wa kufundishia asifungiwe ofisini hadi kozi ya mwaka ujao. Akae kona ya wadi ya kujifungulia pamoja na mfuko na barakoa, na kila mwanagenzi afanye dakika tatu mwanzoni mwa zamu mara moja kwa juma, mkunga akimtazama.

Cha kutazama ni hiki. Kichwa kimewekwa sawa, hakikuinama wala kupindwa nyuma sana. Barakoa imefunika kidevu, mdomo na pua, bila kugusa macho. Kifua kinapanda. Kisipopanda, mwanafunzi afanye nini bila kuambiwa? Anapanga kichwa upya, anakaza barakoa, anatazama mdomo kama una ute, anafungua mdomo kidogo, anaongeza nguvu ya kubana. Simamisha kifua kwa makusudi, kwa kulegeza barakoa, uone. Mtoto asiyepumua anahitaji hewa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha, na mikono iliyofanya hivi wiki iliyopita haitafuti pa kuanzia.

## Kwa wakufunzi

Daktari bingwa wetu anaamini kila mtu asome mwenyewe. Nifanyeje?

Usimpelekee nadharia. Mwombe kitu kidogo, kwa heshima: "Daktari, naomba dakika mbili mwisho wa raundi niwaulize wenzangu swali la wiki iliyopita." Wachache hukataa dakika mbili. Baada ya wiki kadhaa atasikia majibu yakibadilika, na mara nyingi ataanza kuuliza yeye.

Kuuliza raundini si ndiko kuaibishana kulekule tulikokuzoea?

Hapana, na tukilichanganya hili tutaiua mbinu yote. Anayeaibishwa hujifunza kujificha nyuma ya mwenzake. Swali likiulizwa, wote waandike jibu kwenye kikaratasi kabla ya mmoja kusema, akiwemo anayesomea ubingwa. Lisiulizwe mbele ya mgonjwa, maana naye anasikia na anaogopa. Kosa lisahihishwe hapohapo, bila kejeli, na swali lirudi wiki ijayo. Maafisa wa kliniki na wauguzi wakaribishwe pia. Usiku wa dharura wao ndio walio karibu na kitanda.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Usipime mwisho wa darasa. Wakati huo kila mbinu inaonekana nzuri. Uliza maswali yaleyale miezi mitatu baadaye, bila kutangaza. Kisha fungua mafaili: je, dozi zilizoandikwa zinalingana na uzito wa mtoto? Je, mama aliyepewa magnesiamu alihesabiwa pumzi? Faili ndilo linaloonyesha kama jibu limetoka kwenye kadi na kufika kitandani.

## Hali zisizo za kawaida

Nimerudi kutoka likizo na kadi mia nne zinanisubiri.

Acha kuongeza mpya. Pitia arobaini kwa siku, za dharura kwanza. Unazozijua kwa sababu ya kazi ya kila siku, zifute kabisa bila huruma. Kwa siku kumi hivi utakuwa umefika.

Mwongozo ukibadilika?

Hili ni hatari ya kweli, kwa sababu mbinu hii hukaza hata kisicho sahihi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi ya artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, kwa watoto walio chini ya kilo 20 kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo. Aliyekuwa na kadi ya zamani aliendelea kujikumbusha dozi ndogo, akiwa na uhakika. Asiyejua hufungua kitabu. Mwenye uhakika hafungui.

Kila kadi ya dozi iandikwe jina la mwongozo na mwaka. Idara imteue mtu mmoja wa kuzipitia kila toleo jipya linapotoka, na kadi za zamani zifutwe kwa wote siku hiyohiyo.

Kuna kitu mbinu hii haikifai?

Kipo. Kuamua kama mgonjwa huyu mwenye magonjwa matatu apelekwe upasuaji leo, kukaa na familia iliyofiwa, kujua lini umpigie mkubwa wako simu: hayo hujengwa na wagonjwa wengi na mkufunzi aliye karibu. Vipindi huweka ukweli na hatua tayari ili akili ibaki huru kwa hayo.

Nimemaliza shule na bado nasubiri kupangiwa kituo. Nifanye nini nisisahau?

Wengi wamepitia hali hii. Kupangiwa wanagenzi vituo na malipo yao vilikuwa kati ya madai makuu ya mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56. Kusubiri kunachosha, na maarifa yanapungua bila kosa lako.

Usijaribu kusoma vitabu vyote upya. Chukua robo saa kwa siku, kadi za dharura pekee, na mara moja kwa juma kutana na mwenzako mmoja au kwa simu, muulizane kwa sauti. Mapengo yaachie yarefuke hadi mwezi, ndivyo yanavyotakiwa. Ukiripoti kazini, wiki ya kwanza punguza kadi zibaki za idara uliyopangiwa tu, na nyingine zirudishe polepole ukishajua dawa za dharura zinakaa kabati gani na funguo anazo nani.